Nyama Choma ya Puani

Kuna ushauri mmoja unaotolewa bure Nairobi na kulipiwa baadaye. Mtu akionekana anapumua kwa mdomo ndani ya matatu ya Kawangware, au akikoroma mpaka jirani wa upande wa pili wa bati akose usingizi, ataambiwa: hizo ni nyama za pua, nenda ukachomwe na stima, dakika ishirini umemaliza. Anayesema hivyo kwa kawaida hajachomwa yeye. Anaye shemeji aliyechomwa, na shemeji huyo sasa anapumua kama mtoto mchanga. Ukiuliza alichomwa lini, utaambiwa mwezi uliopita.

Nimeusikia ushauri huu Makina na Laini Saba kule Kibera, nimeusikia Gatina ya Kawangware, na siku hizi unasemwa hata na watu wenye stethoskopu shingoni. Mimi naupinga, kwa sababu unaiadhibu pua kwa makosa ya jiko, ya kemisti na ya Hazina ya Taifa.

Kwanza niieleze hoja yao kwa nguvu zake zote, nisije nikaambiwa nimepigana na kivuli. Ndani ya kila tundu la pua mna mikunjo mitatu ya mfupa mwembamba, iliyovikwa utando laini wenye damu nyingi. Madaktari huiita tabineti. Mkunjo wa chini ndio mkubwa, na ukivimba huziba njia. Mwenye pua iliyoziba halali vizuri. Huamka koo limekauka na kichwa kizito, na mchana husinzia kazini. Vidonge vya mzio vya Piriton humsinzisha zaidi. Dawa ya kunyunyiza puani huisha kila mwezi, na chupa mpya ni mamia ya shilingi ambayo mtu wa kibarua hana. Upasuaji nao ni mdogo. Mgonjwa hutiwa ganzi, ncha ya chuma yenye umeme huingizwa ndani ya mkunjo, joto huua sehemu ya nyama iliyo chini ya utando, na kidonda kikipona kovu huukaza mkunjo ukasinyaa. Siku hiyohiyo mgonjwa yuko kwake. Tena watu wa Lavington wanafanyiwa, na Lavington na Kawangware ni majirani wa kupakana. Kwa nini maskini anyimwe?

Karibu kila sentensi hapo ni ya kweli, ndiyo maana hitimisho lake hupita langoni bila kuulizwa kitambulisho. Tukiulize leo.

1. Kimeota nini?

Hoja inaanza kwa kudhani kwamba puani kumeota kitu ambacho hakikuwapo. Hakuna kilichoota. Tabineti tumezaliwa nazo sote, wa Lavington na wa Lindi, na kazi yake ni kuipasha hewa joto, kuilowesha na kuichuja kabla haijafika mapafuni: takriban lita 10,000 kila siku. Kazi hiyo huifanya kwa kujaa damu na kupungua. Hewa ikiwa baridi kama ya Nairobi mwezi wa Julai, hujaa. Ikija na vumbi au moshi, hujaa. Kwa baadhi ya wajawazito hujaa kwa miezi, kisha hupungua zenyewe baada ya kujifungua, bila stima wala sala maalumu.

Linalowaaibisha zaidi watetezi wa kuchoma ni kwamba hujaa hata pasipokuwa na ugonjwa wowote. Mwaka 1895 daktari Mjerumani, Richard Kayser, alieleza jambo ambalo yeyote anaweza kulithibitisha usiku akiwa kitandani: upande mmoja wa pua hubana huku mwingine ukifunguka, na baada ya saa chache hubadilishana zamu. Ndivyo pua nzima inavyofanya kazi. Sasa mchukue mtu huyo, mwinamishe kichwa nyuma katika kliniki ya chumba kimoja, mmulike kwa tochi ya simu, umwambie upande wa kushoto umejaa nyama. Hujamdanganya. Ila angerudi baada ya chakula cha mchana ungekuta nyama zimehamia kulia.

Isitoshe, chini ya jina hilo moja la nyama za pua watu huweka magonjwa matatu yasiyo na undugu. Kuna tabineti zilizovimba. Kuna polipi, vifuko laini vinavyoning'inia kutoka kwenye utando. Na kuna adenoidi, tezi iliyo nyuma kabisa ya pua, ambayo huwasumbua zaidi watoto. Mtoto wa miaka minne anayekoroma Gatwekera ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na adenoidi, na kumchoma tabineti ni kumfukuza mwizi katika nyumba ambayo hakuingia.

Halafu kuna yule anayezibwa upande uleule mmoja siku zote, na damu ikimtoka mara kwa mara. Huyo hapaswi kuchomwa chochote kabla hajachunguzwa. Mafundi wa fanicha wanaoranda mbao kando ya Barabara ya Ngong, karibu na Dagoretti Corner, ambako vijana wengi wa Kawangware hupata kibarua, huvuta vumbi la mbao kutwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi hilo katika kundi la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani, ya pua ikiwamo. Kuichoma pua ya fundi kama huyo kwa kukisia ni kuchoma ushahidi.

2. Usasa wa mwaka 1854

Siku hizi kuna mashine, wanasema. Siku hizi hizo zilianza lini? Albrecht Middeldorpf, daktari wa upasuaji wa Breslau, alichapisha kitabu kuhusu kuchoma nyama za mwilini kwa waya uliopashwa moto na betri mwaka 1854. Ni zamani kiasi kwamba mji wake haumo tena Ujerumani. Leo uko Poland na una jina jingine. Mashine ya William Bovie, ambayo ndiyo mama wa zinazotumika leo katika vyumba vya upasuaji, ilitumiwa na Harvey Cushing mjini Boston tarehe 1 Oktoba 1926. Kuna ufundi wa mawimbi ya redio ambao ni mpya zaidi na hutumia joto la chini, lakini mgonjwa wa mtaani haulizwi anataka nyuzi ngapi. Anaambiwa stima, basi.

3. Umemaliza nini?

Shemeji wa mwezi uliopita anapumua vizuri, sikatai. Mwezi wa kwanza na wa pili ndio miezi mizuri. Mwaka 1987 Jones na Lancer nchini Uingereza walipima jinsi hewa inavyopita puani baada ya diathemia, yaani kuchoma kwa umeme, ya chini ya utando. Miezi miwili baadaye nafuu ilikuwapo. Walipopima tena baada ya miezi 15, ilikuwa imekwisha. Mwaka 2003 Desiderio Passàli na wenzake wa Italia walitoa matokeo ya wagonjwa 382 waliogawanywa kwa bahati nasibu katika njia sita tofauti za upasuaji wa tabineti na kufuatiliwa kwa miaka. Kuchoma kwa umeme hakukuongoza. Njia iliyoongoza ni ya kupunguza nyama kutoka chini ya utando na kuusukuma mkunjo kando, kazi ngumu zaidi inayotaka mkono wa bingwa.

Na hao walikuwa wagonjwa wa Italia. Baada ya upasuaji hawakurudi kulala katika chumba cha futi kumi kwa kumi, jiko la makaa likiwa mguuni pa kitanda na dirisha likiwa limezibwa kwa sababu ya wezi.

Hapa ndipo ahadi ya mara moja inapovunjika, wala haihitaji profesa kuieleza. Umeme umeondoa nyama iliyovimba, umekiacha kilichoivimbisha. Nyama iliyobaki, na lazima ibaki, itavimba kwa sababu zilezile. Anayeahidi dakika ishirini na umemaliza anazungumzia dakika zake yeye.

4. Chupa ndogo ya kemisti

Kabla hajafikiria stima, mwenye pua iliyoziba amekwisha kupita kwa kemisti. Amepewa Piriton. Isipomsaidia, amepewa matone ya pua: yenye efedrini, au ya jamii ya Otrivin yenye ksailometazolini. Haya humfurahisha sana. Dakika chache tu baada ya kuyatia, mishipa ya damu ndani ya tabineti hubana na pua hufunguka kama lango la shule saa kumi.

Dawa ikiisha nguvu, mishipa iliyobanwa hulegea na kujaa kupita ilivyokuwa mwanzo. Mgonjwa huongeza matone. Hujaa tena, huongeza tena. Karatasi iliyomo ndani ya boksi husema wazi kwamba dawa hii isitumiwe zaidi ya siku chache, wiki moja kwa kuvuta sana. Lakini mara nyingi boksi hubaki dukani na karatasi hubaki ndani yake. Nimewaona watu wazima wanaotembea na kile kichupa mfukoni kama wengine wanavyotembea na ugoro, na hawalali bila kujua kiko wapi. Tabineti za mtu kama huyo ni kubwa kweli. Daktari akizimulika ataziona zimevimba, nyekundu, zimejaa tundu zima. Atasema zichomwe.

Basi angalia mzunguko ulivyo. Dawa imeuzwa bila maelezo, dawa imeleta uvimbe, uvimbe umeleta upasuaji, na mgonjwa akitoka kwenye upasuaji akiwa na pua iliyobana kwa kidonda, anapita wapi akirudi nyumbani? Kwa kemisti yuleyule.

Tiba ya uvimbe wa aina hiyo ni kuacha matone. Wiki ya kwanza ni mateso, na dawa ya kunyunyiza yenye steroidi humsaidia mgonjwa kuvuka. Hakuna kitu cha kuchoma. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, limeweka dawa mbili za kunyunyiza puani: budesonidi, ambayo hutuliza uvimbe polepole na inaweza kutumiwa kwa miezi, na ksailometazolini, ambayo hufungua kwa haraka na kulipiza kisasi. Kemisti wa kona mara nyingi ana moja tu kati ya hizo mbili. Si vigumu kukisia ni ipi.

5. Hesabu ya maskini, iliyofanywa na asiye maskini

Tunaambiwa kuchoma ni nafuu kwa sababu unalipa mara moja. Hesabu hiyo inalinganisha bei ya upasuaji na bei ya chupa za dawa, kisha inafunga daftari. Iliyobaki nje ya daftari ndiyo bili yenyewe.

Pua iliyochomwa hutoa magamba. Kwa wiki kadhaa ndani yake hukauka, hubana, hunuka kidogo, na magamba yale lazima yalainishwe na kuoshwa kwa maji ya chumvi mara kadhaa kwa siku. Yasipooshwa, mkunjo unaweza kushikana na ukuta wa katikati ya pua kwa kovu, na hapo mgonjwa huwa amepata kizibo kipya asichokuwa nacho. Gamba likibanduka kabla ya wakati, damu inaweza kumtoka siku nyingi baada ya upasuaji, mara nyingi usiku, wakati ambapo kutoka Silanga hadi barabara ya lami ni safari ya kufikiriwa mara mbili.

Maji hayo ya chumvi yanatoka wapi? Mwenye mfereji jikoni haoni swali hapo. Kibera maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na mipira inayoyaleta hupita ndani ya mitaro ya maji taka. Ikipasuka, hunywa kilichoko mtaroni. Maji ya kuoshea kidonda cha puani sharti yachemshwe. Yachemshwe kwa nini? Kwa makaa, au kwa stovu ya mafuta taa. Kwa hiyo mgonjwa aliyechomwa pua kwa sababu ya moshi anawasha moshi mara tatu kwa siku ili aitunze pua iliyochomwa. Sijaona kijikaratasi cha maelekezo ya baada ya upasuaji kinacholijua jambo hili. Vingi humwambia akae mahali penye hewa safi.

Humwambia pia asibebe vitu vizito na aepuke vumbi kwa wiki moja au mbili. Maelekezo mazuri kabisa. Mpelekee mbeba mizigo wa Soko la Toi, au mama anayekaanga samaki Kisumu Ndogo, au mchanganya saruji wa Kawangware anayelipwa kwa siku. Wiki mbili zisizo na kibarua ni kodi ya nyumba, na landilodi hapokei cheti cha daktari.

Kisha linakuja jambo ambalo husemwa kwa sauti ndogo, mgonjwa akiwa amekwisha kulipa: ikiwa uvimbe ulitokana na mzio, wa vumbi la nyumbani, wa mende, wa chavua, ataendelea kuhitaji dawa ya kunyunyiza. Ileile chupa ya kila mwezi tuliyoambiwa hawezi kuimudu. Aliuziwa upasuaji badala ya dawa. Akaamka ana upasuaji pamoja na dawa.

6. Tundu pana si pumzi nzuri

Wapo wanaodhani pua ni bomba, na bomba likipanuliwa hupitisha zaidi. Jaribu mwenyewe. Paka mentholi chini ya pua iliyoziba na utahisi imefunguka. Ronald Eccles wa Cardiff alipima mara nyingi: mentholi haipanui njia hata kidogo. Inachokifanya ni kuamsha vipokezi vya baridi vilivyomo ndani ya utando, na ubongo hupokea habari kwamba hewa inapita. Raha ya kupumua hutegemea utando ulio hai unaohisi hewa, na utando huo ndio tunaotaka kuupitishia moto.

Ukipitiliza, unapata mtu mwenye tundu pana linalopitisha upepo, naye anakwambia hapati hewa. Eugene Kern na Monika Stenkvist wa Kliniki ya Mayo waliupa ugonjwa huo jina mwaka 1994, wakiuita pua tupu. Hutokea kwa nadra, na zaidi kwa waliokatwa tabineti nyingi kuliko waliochomwa kwa uangalifu. Uangalifu ndio sharti, na ndio usiotajwa kwenye tangazo. Tabineti iliyopunguzwa sana hairudishwi, hata kwa hela za Lavington.

7. Tunavyomcheka mkata kilimi

Katika Afrika Mashariki kuna desturi ya zamani: mtoto akikohoa sana au akikataa kunyonya, hupelekwa kwa mtaalamu wa jadi akakatwa kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Watanzania hukiita kimeo. Madaktari wetu wameandika kwa miaka mingi kuhusu watoto waliofikishwa hospitalini wakivuja damu au wakiwa na maambukizi. Kuna pia desturi ya kung'oa meno ya plastiki, yaani kuchimba fizi za mtoto mchanga anayeharisha, kwa imani kwamba vijino vilivyomo ndani ndivyo vinavyomharisha.

Sisi wa mjini tunazicheka sana desturi hizi. Tunauliza: kikohozi kiko mapafuni, mnakataje kilimi? Kuhara kunatokana na maji machafu, mnachimbaje fizi? Maswali mazuri. Hebu tuyalete puani. Uvimbe unatokana na moshi, na vumbi, na matone, mnachomaje tabineti? Mantiki ni moja: tafuta kinyama kinachoonekana, kilaumu, kiondoe, pokea malipo, na mgonjwa akipata nafuu ya muda jipe sifa. Tofauti ya mtaalamu wetu ni koti jeupe na soketi ukutani.

Nikiri kwamba ulinganisho huu una ukali. Kuchoma tabineti kuna utafiti nyuma yake na kukata kilimi hakuna. Lakini utafiti huo unahusu wagonjwa waliochaguliwa, waliopimwa, waliotumia dawa kwanza na kushindwa. Anayeuchukua utafiti wa hao na kumtumia mtu aliyeingia kutoka mtaani asubuhi na kuchomwa jioni, yeye na mkata kilimi wagawane ada.

8. Serikali, jiko na bima

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na sitaificha.

Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa hewa ya majumbani na kushauri kaya zisitumie mafuta taa. Kenya ilifanya nini? Septemba 2018 iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa. Ungedhani ni kwa ajili ya pua zetu. La: ni kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakiyachanganya na dizeli na kuharibu injini. Mwaka huohuo marufuku ya kukata miti ilipandisha bei ya makaa. Haya, maskini ahamie gesi. Tarehe 1 Julai 2021 gesi ya kupikia ikatozwa kodi ya VAT ya asilimia 16. Mwaka uliofuata ikapunguzwa hadi asilimia 8, na mwaka 2023 ikaondolewa. Kwa miaka miwili, basi, mama wa Kianda aliyetaka kuondoa moshi nyumbani mwake alilipa kodi kwa kuthubutu. Na makaa yakiwa ghali, mafuta taa yakiwa ghali, gesi ikiwa na kodi, watu hupika kwa kilichopo: vipande vya mbao zenye rangi, makatoni, na plastiki ya kuwashia. Nje, takataka zisizochukuliwa na kaunti huchomwa kando ya reli. Tabineti za Kibera zinafanya kazi ambayo serikali ya kaunti imeikwepa.

Upande wa pili kuna bima. Mwaka 2023 kamati ya Bunge ilichunguza tuhuma kwamba baadhi ya hospitali binafsi zilidai malipo ya NHIF, bima ya afya ya taifa, kwa upasuaji usiohitajika au usiofanyika kabisa. Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ikazikwa na SHA ikachukua nafasi yake: asilimia 2.75 ya mshahara kwa mwenye ajira, na kwa asiye na mshahara kiasi kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, ambacho alitakiwa kukilipa cha mwaka mzima kwa mpigo. Shilingi 3,600 kwa wakati mmoja, kwa mtu anayenunua sukari ya kupima. Mfumo uliojengwa kwa vifurushi una tabia moja, iwe jina lake ni NHIF au SHA: upasuaji una jina, tarehe na bei, kwa hiyo hulipika. Nusu saa ya kumuuliza mgonjwa anapikia nini, analala wapi na ametumia matone muda gani haina mahali pa kujazwa kwenye fomu. Mtoa huduma ana akili timamu, atauza kinacholipika.

Utafiti uitwao Tupumue, uliofanywa kwa watoto wa mtaa wa mabanda wa Mukuru na majirani zao wenye nafuu wa Buruburu, ulionyesha kwamba watoto wa Mukuru walikuwa na dalili nyingi za shida ya kupumua ilhali waliowahi kuambiwa wana pumu walikuwa wachache kuliko wa Buruburu. Nauleta hapa kwa sababu pua na mapafu ni njia moja ya hewa. Mwenye mzio wa pua mara nyingi ana pumu chini yake, na mtu akichomwa pua na kuondoka bila mtu kumsikiliza kifua, amelipia nusu ya uchunguzi yenye hatari ndogo na kukosa nusu yenye hatari kubwa.

9. "Lakini hawawezi kufuata dawa"

Watetezi wakibanwa kote huku, hurudi kwenye ngome ya mwisho. Wanakubali kwamba dawa ya kunyunyiza inapaswa kutangulia. Wanakubali kwamba matone yaachwe, pua ipimwe kwa kamera baada ya kuifungua kwa dawa ili uonekane uvimbe wa kweli, na kwamba kuchoma kuwe kwa wachache ambao wiki nane hadi kumi na mbili za dawa iliyotumiwa sawasawa hazikuwasaidia. Halafu hushusha sauti na kusema: hayo ni ya watu wa Lavington. Mtu wa Kibera hatanyunyiza dawa kila siku kwa miezi miwili. Ataacha. Afadhali umchome, angalau una uhakika umemfanyia kitu.

Maneno haya yaliwahi kusemwa. Miaka ya mwanzo ya 2000, wakati dawa za ARV zilipoanza kuwa nafuu, kulikuwa na watu wakubwa waliodai Waafrika maskini hawataweza kuzimeza kwa saa na kwa utaratibu. Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizowajibu. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa humo, AMREF ilikuwa humo, na watu wa Laini Saba na Soweto wakazimeza dawa hizo kila siku, mwaka baada ya mwaka, pamoja na umaskini wote na vyumba vyote vya futi kumi kwa kumi. Wasio na Mipaka walipokabidhi kituo cha Kibera South kwa serikali mwaka 2017, baada ya takriban miaka 20, walikabidhi pamoja na wagonjwa waliokuwa bado wanafuata dawa zao. Wenye kifua kikuu wa mitaa hiyo humeza vidonge kwa miezi sita, wengi wao kupitia Hospitali ya Mbagathi, ambayo wazee bado wanaiita IDH.

Kilichowezesha yote hayo kinajulikana. Dawa zilikuwapo karibu na nyumbani, hazikulipiwa, na kulikuwa na mtu wa kumweleza mgonjwa namna ya kuzitumia. Dawa ya kunyunyiza puani inahitaji yote matatu: iwekwe kwenye zahanati ya mtaa karibu na Piriton, itolewe bila malipo, na afisa wa kliniki atumie dakika tano kumwonyesha mgonjwa aelekeze ncha upande wa sikio, mbali na ukuta wa katikati, asivute kwa nguvu, na asitarajie nafuu kabla ya wiki kadhaa. Mafunzo ya juu ya masikio, pua na koo kwa maafisa wa kliniki yanatolewa nchini, katika chuo cha KMTC. Anayesema haiwezekani Kawangware aeleze kwanza ni lini ilijaribiwa.